Kwa Wafuma Viramba, Masika ya 1303

Mfunguo Nne, siku ya 6, Alhamisi. Kasongo.

Kwa jina la Mungu ninaanza, na karatasi yenyewe ni ya kufungia majora. Nilimwomba Bi Fatuma nikasema ni ya kuchorea kofia. Sikudanganya sana, kwani upande mmoja nitachora.

Mimi ni Waridi, mshona kofia wa nyumba hii. Ni mjakazi wa Bi Fatuma, na kusoma nilisomeshwa pamoja na binti yake kwa sababu yule binti, Mungu amrehemu, alikataa kwenda chuoni peke yake. Sasa Bi haoni vizuri na barua zake namsomea mimi. Tangu mwaka jana uzi wa pwani hauji. Njia ya Tanganyika leo ina vita, kesho ina ndui, na merikani ikifika imeshaoza begani kwa mpagazi. Sindano zangu zimeshika kutu. Watu wazima wa Kasongo, waliokuwa wakicheka viramba vya washenzi, nguo za nyuzi za majani, sasa wanavivaa hadi msikitini.

Bwana Ramazani, mwana wa Bi, amechoka kuvinunua kwa watu wa mbali. Jana aliniita mbele ya mama yake akaniambia niende ng'ambo ya Kabambare, kwa mafundi wenyewe, nikajifunze hadi niweze kufuma bila kushikwa mkono. Nitazame pia nani kati yao ana mikono mizuri zaidi, nimjulishe. Nikirudi nimejua, ataniandikia karatasi ya uhuru. Mwalimu Alimasi wa chuoni alikuwapo, ndiye shahidi.

Nimeingoja karatasi hiyo miaka thelathini. Ilinipasa nilie kwa furaha, lakini nilifikiria magoti yangu na vilima.

Siku ya 8.

Mvua. Tumelala na nguo mbichi.

Siku ya 9.

Mvua tena. Unga umeota ukungu, tumeula hivyo hivyo.

Siku ya 12. Lusangi.

Kiongozi wa safari yetu ni Assumani. Naye ni mtumwa wa Bwana Ramazani kama mimi, ila yeye ana bunduki na watu sita chini yake. Mguu wake wa kushoto unachechemea. Nilidhani ni mtu mkali, kumbe ni mtu aliyechoka tu. Jioni nilipokaa kwenye matope bila kujali, alinitupia ngozi yake ya mbuzi nikalie, akaenda zake bila kusubiri ahsante. Nimeanza kumpenda kama ndugu.

Wapagazi wananitania. Wananiita bibi harusi, wanasema nakwenda kutafuta mume mwenye minazi. Nimewaambia minazi huku haioti, na mume nilikuwa naye akafa kwa kuhara, sitaki mwingine. Wamecheka, nami nimecheka kidogo.

Siku ya 17. Kabambare.

Tumefika. Kisigino kimepasuka. Wanawake kisimani waliniuliza nimeuzwa kwa nani. Nilipowaambia nimekuja kujifunza kazi walitazamana, wakaendelea kuteka maji.

Assumani atabaki hapa na mizigo. Mimi nitapelekwa kijijini kwa wafumaji, mwendo wa siku moja kuelekea mto Luama. Atakuja kunichukua mwezi wa Mfunguo Sita ukiandama.

Siku ya 19.

Kijiji kina nyumba kama ishirini, na kila nyumba ina miwale nyuma yake, ile miti ya jamii ya minazi inayotoa nyuzi. Fundi niliyeelekezwa anaitwa Kalonda, Mbangubangu kwa kabila, mwembamba, mwenye ukucha mrefu wa kidole gumba kama kijiko. Nilimpa chumvi aliyotuma Bwana. Aliipokea, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanamuke hakai pa kitanda cha kufumia. Babu hakukaa na mama yake, miye nitakaa na weye?"

Akarudi kazini. Nimesafiri siku kumi na mbili kwa ajili ya hilo jibu.

Siku ya 20.

Nimekaa mlangoni mwa kibanda chake tangu asubuhi. Hakunifukuza, lakini alinipa mgongo.

Siku ya 21.

Mgongo tena.

Siku ya 24.

Mkewe, Kabibi, amenihurumia. Kufuma ni kwa wanaume, lakini nyuzi zinaandaliwa na wanawake, na hiyo kazi akanionyesha. Unakata jani changa la mwale kabla halijafunguka. Unachuna ngozi yake nyembamba ya juu, unaianika, kisha unaichana kwa ukucha, chane kwa chane, hadi inakuwa uzi. Haisokotwi. Urefu wa jani ndio urefu wa uzi, na urefu wa uzi ndio urefu wa kitambaa, basi. Mimi niliyezoea uzi usio na mwisho nimekasirika bure.

Nyuzi zangu zote zimekatika. Kabibi alicheka hadi akaketi chini. Anasema navuta kama mtu anayeng'oa muhogo.

Siku ya 28.

Leo nimechana nyuzi kumi bila kukata hata moja. Ukucha unaniuma hadi kwenye kiwiko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mimi nimeinama siku zote hizi na sijaona kitu mvunguni.

Mfunguo Tano, siku ya 2.

Mvua usiku kucha. Kalonda anapenda mvua. Kukikauka, nyuzi zinakuwa kavu na kukatika, kwa hiyo anafuma alfajiri, ukungu ukiwa bado ndani ya kibanda, na jua likipanda anaacha. Nimejifunza hilo kwa kukaa mlangoni. Nimejifunza pia kwamba anaimba akidhani mvua inamficha. Sauti yake ni mbaya.

Nilikuja hapa nikiwaita washenzi. Nimeshona kofia tangu utoto na sijawahi kuona mtu akipanga uzi kwa utaratibu ule, pasipo kipimo, pasipo mchoro, na mistari yote ikafika mwisho pamoja.

Siku ya 5, Ijumaa.

Nimefanya jambo baya.

Kabibi alikuwa na kiramba kipya, cha mistari myeusi, alichofumiwa na mumewe. Kama viramba vyote vya nyumba ile, ncha zake zilining'inia nyuzi pande zote nne. Mimi, kwa jicho la mshona kofia, niliona kazi nzuri iliyoachwa bila kumalizwa. Nikasema nimlipe Kabibi fadhila zake. Alipokwenda shamba nilikichukua, nikazikata nyuzi zote zilizoning'inia, nikakunja ukingo, nikaupiga pindo la mshono mdogo mdogo, ule tunaopiga kofia za Idi. Nilitumia uzi wangu wa mwisho wa pwani. Nilikuwa nimefurahi, Mungu anajua.

Kabibi aliporudi nilimwekea magotini. Alikitazama, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu asiyefiwa. Watu wakaja mbio. Kalonda alitoka kibandani, akakiona, akauweka chini ule upanga wa mti anaogongea nyuzi. Hakunipiga. Akakaa vumbini mbele ya mlango wake.

Mzee mmoja jirani alinieleza polepole, kama mtu anayesema na mtoto. Katika ukoo huu, nyuzi za pembeni haziguswi maadamu mfumaji yu hai. Zinakatwa siku anapowekwa kaburini, na kiramba kilichokatwa ndicho anachozikwa nacho. Mimi nilizikata. Kalonda amekufa.

Nikasema basi nitazishona tena. Hakuna aliyecheka, wala mimi sikuwa natania.

Siku ya 6.

Wameniambia la kufanya. Mfumaji aliyekatiwa nyuzi kwa kosa anahesabiwa mfu hadi miezi miwili iandame. Haendi shamba, haitwi kwa jina, hafumi. Na aliyekata anakaa matanga pamoja na mjane. Wamenyoa kichwa changu na cha Kabibi kwa kisu kimoja. Tunalala chini, tunakula bila chumvi, tunapaka majivu. Kabibi haniangalii.

Chumvi yenyewe nilileta mimi.

Siku ya 7.

Matanga.

Siku ya 8.

Matanga. Mfu amekaa upenuni anakula muhogo.

Siku ya 10.

Kabibi amesema nami. Aliniuliza kwa nini nilikata, nikamwambia kwetu kitambaa kisicho na pindo ni aibu ya fundi. Kisha akaniambia kwamba miaka ya nyuma watu wa bunduki walichoma kijiji cha kwao, na mdogo wake wa kike alichukuliwa upande wa Kasongo. Akanitajia jina, akauliza kama namjua. Nikasema Kasongo ni mji mkubwa. Nilitaka kusema kwamba huko wote tunabadilishwa majina, kwamba hata mimi Waridi nilipewa, na la kwanza silikumbuki. Badala yake tulitwanga kiramba kingine kinuni ili kilainike, kinu kimoja, michi miwili, hadi jua likazama.

Siku ya 13.

Leo alfajiri Kalonda alikuja nilipolala akagonga ukuta kwa fimbo. Ukungu ulikuwa mzito. Alinipeleka kibandani akaonyesha kigoda chake kilicho mbele ya kitanda cha kufumia. Nikasita, nikamkumbusha maneno ya babu yake.

"Aliyekatazwa kukaa na mwanamuke ni mutu muzima," akasema. "Mutu mufu hana mwiko. Kaa."

Nikakaa. Akasimama nyuma yangu, mikono yake mgongoni asiguse kitu, akanisemesha. Inua. Pitisha. Usivute, iache iende yenyewe. Gonga. Nilifuma urefu wa kidole, mbovu, umepinda. Nimelia, nikasingizia moshi. Naye akasema moshi hakuna.

Siku ya 14.

Kidole kimoja tena.

Siku ya 15.

Jua. Nyuzi zimekatika kumi na tatu. Ananitukana kwa Kibangubangu, Kabibi anakataa kunifasiria.

Siku ya 21.

Mfu ni mwalimu mkali. Hasifu. Akiridhika anakohoa. Leo amekohoa mara mbili. Nilimwuliza kwa nini ananifundisha, mimi niliyemletea msiba. Alisema vijana wake wawili waliokuwa wanajifunza wameshakimbilia msituni kwa hofu ya misafara, na mikono haijui kungoja. Kisha akasema kazi ikae kwa mtu yeyote, hata mwanamke, hata mtu wa Kasongo, kuliko ikae kaburini. Nilijisikia vibaya kwa furaha niliyoipata.

Usiku mgongo hauninyooki. Macho yananiwasha. Sijachoka hivi tangu nilipozaa mtoto asiyeishi. Na bado kukipambazuka naamka mwenyewe.

Siku ya 27.

Nimemaliza kiramba kizima. Mstari mmoja umekwenda kombo, mingine yote imenyooka. Kalonda alikitazama mbele na nyuma, akakohoa, akaenda kuota moto. Kabibi alinipikia kuku bila chumvi. Nimejua. Uhuru wangu upo mkononi, una mistari myeusi, nami nimeulalia kichwa.

Mfunguo Sita, siku ya 2, Jumatano.

Assumani amefika na watu wake sita. Nilikimbia kumlaki na kiramba changu. Alikitazama kidogo tu. Alitazama zaidi kichwa changu kilichonyolewa. Kisha akauliza, "Fundi muzuri zaidi ni yupi? Bwana alisema utatuonyesha."

Ndipo nilipoiona kamba. Mmoja wa watu wake aliibeba begani, mpya, imesokotwa vizuri. Nikauliza ni ya nini. Assumani hakuficha, labda alidhani nilijua tangu mwanzo. Bwana Ramazani hataki kununua viramba tena, anataka mfumaji akae uani kwake Kasongo. Mimi nimetangulizwa kwa sababu nina jicho la kazi, wao hawana. Kamba na macho yangu, vyote vilitumwa kwa kazi moja.

Nimekaa mwezi na nusu mlangoni mwa mtu huyu nikihesabu uzuri wa mikono yake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema. Hapa kuku mgeni nilikuwa mimi, na kamba niliyoileta ni ya mwenyeji.

Nikasema fundi mzuri alikuwa mmoja tu, na amekufa. Nikashika kichwa changu. Kabibi alikuwa amesimama karibu na majivu yake usoni, na watu wa kijiji, walipoulizwa mmoja mmoja, wote walisema vilevile bila kupepesa, kwani kwao ndivyo ilivyokuwa. Kalonda mwenyewe alikaa upenuni na blanketi la majani mabegani, na hakuna aliyemtaja.

Assumani alimtazama yule mwanamume upenuni. Akautazama ukucha wake. Alikaa kwenye gogo akaunyoosha mguu wake mbovu, akaniita karibu ili wengine wasisikie.

"Dada Waridi," akasema, "mufu wenu anakula muhogo. Miye si mupumbavu. Lakini nikirudi mikono mitupu ni mugongo wangu utalipa. Nipe mutu mumoja. Huyu ao mwingine, unichagulie weye."

Nikamwangalia, huyu aliyenipa ngozi ya mbuzi, na sikuweza kumchukia. Naye ana bwana yuleyule. Nyuma yake kulikuwa na vijana wanne wa kijiji wanaojua kufuma, wamesimama tu, kwa sababu ukikimbia mbele ya bunduki unapigwa.

Nilijua nitakalosema kabla sijalisema, na nilijua bei yake. Nina hakika ya hilo, na nataka karatasi hii ijue pia, isije siku moja nikajidanganya kwamba nilisukumwa. Nikasema, "Mfumaji unaye. Ni mimi. Mwambie Bwana nimejua yote, hana haja ya mwingine."

Alitaka kuona. Nikaenda kibandani mbele ya watu wote, nikakaa kwenye kigoda, nikafuma mbele ya macho yake urefu wa shibiri. Jua lilikuwa limepanda na nyuzi zilikuwa kavu, lakini hakuna hata moja iliyokatika. Nyuma yangu, upenuni, mtu alikohoa.

Assumani akasema inatosha. Kamba ilifungiwa mzigo wa nyuzi.

Siku ya 3.

Tumeondoka. Kabibi alinisindikiza hadi mtoni. Alinipa chane za mwale zilizofungwa kwa jani bichi zisikauke njiani, akarudi. Kalonda hakuja. Wafu hawasindikizi.

Siku ya 4.

Mvua.

Siku ya 5.

Mvua.

Siku ya 9.

Njiani karibu na Wamaza tumepishana na msafara uliofungwa shingo, wanawake wengi. Niliangalia uso kwa uso nikitafuta mdogo wa Kabibi, ambaye sijawahi kumwona na ambaye leo ni mtu mzima. Ujinga. Lakini niliangalia hadi wa mwisho.

Siku ya 17. Kasongo.

Nimefika. Bi Fatuma alinipapasa kichwa akashtuka, nikamwambia ni chawa. Nimelala tangu adhuhuri hadi alfajiri.

Siku ya 19, Jumamosi.

Bwana Ramazani aliniita barazani. Mwalimu Alimasi alikuwapo, na wino, na karatasi nzuri ya pwani. Nilivaa kanga safi. Nilifuma mbele yake kwenye kitanda cha kufumia nilichoundiwa, na Bi Fatuma akakipapasa kitambaa kwa vidole vyake akasema mashallah, mwanangu, mashallah. Bwana alifurahi kweli. Alikigeuza mbele na nyuma, sawa na alivyofanya Kalonda.

Kisha akauliza mafundi wengine wako wapi. Assumani akajibu kwa sauti tulivu kwamba yule hodari alikufa kabla msafara haujafika, waliobaki hawajui kitu, na Waridi amechukua kazi yote. Sikumtazama. Mungu amlipe.

Bwana akaisogeza ile karatasi pembeni. Hakukasirika, alisema kwa upole. "Waridi, ahadi ni ahadi. Lakini nikikuandikia leo na kesho ukaondoka, Kasongo nzima atanifumia nani? Wafundishe wasichana wa uani. Siku mmoja wao atakapojua kama wewe, siku hiyohiyo nitakuandikia."

Mwalimu Alimasi akafunika wino. Bi Fatuma akasema mwanawe ana akili. Nikasema ndiyo, Bwana. Ndivyo nilivyojua tangu kule Luama kwamba itakuwa, na bado niliitazama ile karatasi hadi ilipokunjwa.

Siku ya 21.

Leo nimeanza kuwafundisha. Ni wasichana wanne. Watatu wanavuta kama wanaong'oa muhogo. Wa nne, Subira, ana vidole vyepesi na hauliziulizi, anatazama tu. Amechana nyuzi sita bila kukata hata moja, na ni siku yake ya kwanza. Mwaka mmoja, ikizidi miwili, huyu atanifikia, na mimi nitapata karatasi yangu, naye atashikwa mahali pangu.

Usiku, baada ya sala, nilimwombea asijue kufuma.